Bustani Upande wa Kaskazini

Nyumba ambayo Borghild alirithi kwa shangazi yake mjini Bergen ilikuwa na kila kitu isipokuwa mwanga. Ilikuwa ya mbao, nyembamba, imebanwa na nyumba nyingine kwenye mteremko wa Sandviken, na mlima uliosimama nyuma yake ulilimeza jua mwisho wa Oktoba usilitapike hadi Februari inakaribia kwisha. Ubavuni, upande wa kaskazini, palikuwa na kipande cha ua chembamba ambacho hata mwezi wa Juni kilikuwa na ubaridi wa pango. Huku ukuta wa nyumba, kule ukuta wa kijivu wa ghala la jirani, na mwishoni, ndani ya kiwanja cha jirani huyohuyo, msonobari mkubwa uliotandaza matawi yake juu ya yote kama kuku aliyeatamia. Shangazi, enzi za uhai wake, alipaweka mapipa ya taka na kuni, na baiskeli ambayo kutu ilikuwa imeimaliza zamani.

Hapana ambaye angepafikiria mara mbili, lau dirisha la chumba cha Torleiv lisingeelekea huko.

Torleiv, mumewe Borghild, alikuwa mkulima wa matofaa kule Hardanger, kama baba yake na babu yake. Kiharusi kilimpiga shambani, wakati wa mavuno, akiwa ameishika ngazi ili mvunaji apande. Alipozinduka hospitali, upande wake wa kulia ulikuwa umekufa ganzi na maneno yote yalikuwa yamemtoka, yote ila moja: ngazi. Akitaka maji alisema ngazi. Akichoka alisema ngazi. Akimkasirikia muuguzi alisema ngazi, tena kwa ukali uliomfanya muuguzi aombe radhi bila kujua kosa lake. Daktari aliwaambia kuwa mambo hayo hutokea, kwamba mgonjwa anajua vizuri anachotaka kusema ila mlango wa kutokea umefungwa. Huenda ungefunguka kidogo kwa mazoezi, huenda usifunguke.

Mazoezi yenyewe yalikuwa mjini. Shamba wakamwachia binti yao, Sunniva, na mumewe, nao wazee wakahamia nyumba ya shangazi. Borghild alimwandalia mumewe chumba cha mbele, chenye madirisha mawili yanayotazama barabara, akidhani wapita njia watamchangamsha. Siku ya pili yake akamkuta amejisukuma na kiti chake cha magurudumu mpaka pembeni kabisa, nyuma ya pazia. Watu walikuwa wakimwangalia. Yeye, aliyekuwa akisimama juu ya trela la matofaa na kupigiwa saluti za utani na kijiji kizima, hakutaka kuangaliwa na mtu huku mdomo umempinda. Basi akahamishiwa chumba cha ubavuni, akaridhika, au angalau akanyamaza. Kutwa nzima alikaa dirishani akitazama mapipa ya taka.

Borghild akasema moyoni mwake: hapana, hili haliwezekani. Mtu aliyetazama maua ya matofaa yakishuka hadi ukingoni mwa maji kila Mei ya maisha yake hawezi kumalizia macho yake kwenye mapipa. Nitamfanyia bustani.

Tatizo ni kwamba hakuwa mtu wa bustani. Miaka yote ya ndoa yake shambani, kazi yake ilikuwa jikoni na kwenye banda la kupakia matunda, na jioni aliwanyoa wanakijiji nywele ukumbini. Miti ilikuwa ya Torleiv. Mwanzoni kabisa, alipokuwa bibi harusi, aliwahi kushika mkasi wa kupogolea, na mama mkwe akamwambia mbele ya watu kwamba ana mkono mzito, mti ukiguswa na mkono kama ule hulia mwaka mzima. Watu walicheka. Torleiv naye alicheka. Borghild aliuweka mkasi mezani, akaenda kukaanga samaki, na tangu siku hiyo hakugusa tena tawi la mtu.

Sasa alihamisha mapipa mbele ya nyumba, akakodi kijana mwenye gari la kubeba ile baiskeli na takataka nyingine, akalima. Akanunua alichokipenda dukani: miche ya mawaridi mekundu, alizeti, stroberi, na mbegu za nyasi. Alipanda akiwa amepiga magoti, mgongo ukimuuma, na kila alipoinua macho alimwona Torleiv nyuma ya kioo amekunja uso. Mara mbili tatu aligonga kioo kwa fimbo yake. Borghild alimpungia mkono na kuendelea. Alidhani anamsifu.

Kile kiangazi mvua ilinyesha kama kawaida ya Bergen, yaani bila haya. Alizeti zilirefuka zikawa nyembamba kama kamba, zikiliwinda jua ambalo halikuwapo, kisha zikalala. Stroberi zilitoa majani bila tunda. Mawaridi yalipata madoa meusi, yakapukutika. Yaliyosalia yaliliwa na konokono, wale wa kahawia wasio na nyumba, wanene kama vidole gumba, ambao Borghild aliwafuata kila asubuhi na ndoo na mkasi huku akitema mate kwa kinyaa. Alipanda nyasi, zikafa. Akapanda tena. Mahali pa nyasi paliota tandiko la kijani, laini, lenye majimaji, yale majani yasiyo na shina yanayofunika mawe na mapaa mabovu, yaani kuvumwani. Alilikwangua kwa reki. Likarudi.

Na Torleiv akakigeuza kiti chake. Alilipatia dirisha mgongo, akawa anatazama ukuta.

Jambo hilo lilimchoma Borghild kuliko konokono wote. Usiku wake aliukosa usingizi, na asubuhi alikwisha kumpata mwenye hatia: msonobari. Akavaa koti, akaenda kugonga kwa jirani.

Jirani huyo, Didrik, alikuwa fundi mstaafu wa injini za meli, mzee mrefu, mkavu, mzaliwa wa mtaa uleule, mwenye ulimi ambao haukuwahi kustaafu. Alimkaribisha mlangoni, hakumkaribisha ndani. Borghild alieleza kwa adabu: mume wake mgonjwa, dirisha lake, giza. Akaomba mti ule ukatwe, au japo upunguzwe.

Didrik alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mama, mti ule ulikuwepo kabla yako, na ulikuwepo kabla ya shangazi yako. Wewe umekuja jana. Kama shida yako ilikuwa jua, ungebaki hukohuko kwenu kwenye matofaa."

"Sikuja hapa kwa kupenda."

"Hakuna anayekuja Bergen kwa kupenda," alisema Didrik. "Watu huja kwa kukoseshwa njia na mvua."

Pengine alikusudia utani. Borghild hakuusikia utani. Alimwambia kwamba mtu anayependa mti kuliko binadamu azikwe chini yake, akageuka, akashuka ngazi za mlangoni mbiombio. Majira yote ya baridi yaliyofuata hawakuamkiana. Theluji ilipoanguka kila mmoja alikwangua upande wake hadi kwenye mpaka, hata unyoya zaidi hakuongeza.

Sunniva alikuja kuwatembelea kabla ya Pasaka, na kreti la matofaa ya ghalani. Alimkuta baba yake ameukabili ukuta. Jioni, mama na binti wakiosha vyombo, Borghild alimwaga yaliyomjaa: baba yako ananionea aibu, hata kuitazama kazi yangu hataki, ni mama yake mtupu.

Sunniva alikausha sahani ileile muda mrefu.

"Mama, hujaona?" alisema. "Baba anageuka ili usimwone analia. Anakuona unakosea na hawezi kukwambia. Kazi aliyoifanya maisha yake yote, na hawezi kukwambia ondoa hiki, weka kile. Kaniangalia leo nilipozungumzia miti, machozi yakamtoka, akakigeuza kiti. Nikajua."

Borghild aliketi kwenye kiti cha jikoni na mikono yenye povu. Kisha akauliza kama chai ipo, ingawa alikuwa ameipika mwenyewe.

Asubuhi yake, Sunniva alipokwisha kuondoka, aliingia chumbani kwa mumewe, akakishika kiti na kukigeuza dirishani bila kumwomba ruhusa. Kisha akatoka nje, akasimama upande wa pili wa kioo na reki mkononi. Hakujua aanze wapi. Chini ya ukuta wa ghala, mahali ambapo hakupanda kitu, aliona vichwa vya kahawia vimetokeza udongoni, vimejikunja kama mikia ya vinyonga, vimejaa manyoya. Akadhani ni magugu. Akainama kung'oa.

Kioo kililia kwa kishindo. Torleiv alikuwa akikipiga kwa mpini wa fimbo, uso umemwiva. "Ngazi! Ngazi!"

Borghild aliuachia mmea. Akamtazama. Akaonyesha mmea kwa kidole, akatikisa kichwa: nisiuguse? Torleiv akashusha fimbo na kufumba macho, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Borghild akachukua kimche cha waridi kilichokauka, akakiinua. Torleiv akapunga mkono wa kushoto: tupa. Akaonyesha kuvumwani kwenye mawe. Torleiv aliweka kiganja kifuani, kisha akakilaza hewani taratibu, akakipitisha huku na huku kama anayempapasa paka.

"Kuvumwani?" Borghild alisema kwa sauti, ingawa kioo kilikuwa katikati yao. "Wewe? Wewe uliyekuwa ukiipiga vita mpaka juu ya paa?"

Torleiv aliinua bega lake zima. Ikawa kama anasema: pale palikuwa pale, hapa ni hapa.

Huo ndio ukawa mwanzo. Vile vichwa vya kahawia vilikunjuka vikawa kangaga, mmea mrefu wenye majani kama manyoya ya ndege, usioomba jua wala mbolea. Borghild aliacha kununua alichokipenda akaanza kuuliza. Alikuwa akija dirishani na mmea mkononi, akiuinua, na Torleiv akimjibu kwa mkono, kwa nyusi, kwa neno lake moja ambalo Borghild alianza kulisikia kwa sauti kumi tofauti. Ngazi ya chini chini ilikuwa ndiyo. Ngazi iliyovutwa ilikuwa subiri. Ngazi fupi kama mlango unaobamizwa ilikuwa la hasha. Alipopanda mmea mahali pasipofaa, alionyeshwa kwa fimbo: kulia, zaidi, rudi. Mara nyingine walikosana wakaachana kwa hasira, mmoja ndani na mwenzake nje, na kosa halikuwa la kioo.

Sunniva alileta mawe kutoka shambani, ya ule ukuta wa zamani uliobomoka juu ya zizi, yakiwa na kuvumwani yake mgongoni. Borghild aliyapanga kando ya njia ndogo. Akapanda mimea ya majani mapana kama sinia, yenye kingo nyeupe, ambayo kwenye giza lile ilionekana kama imewashwa. Akapanda nyinyoro, vikengele vyake vyeupe vikanukia hadi chumbani. Na kitunguu saumu mwitu, ambacho kilisambaa kikampa majani ya kutia kwenye supu ya samaki. Aliweka chini ya bomba la paa birika kubwa la chuma, pana kama beseni, alilolikuta kwenye ghorofa ya chini, mvua ikalijaza, ndege shore wakaja kuoga. Konokono nao hawakukosa. Aliendelea kuwafuata na ndoo kila asubuhi, na Torleiv akimwonyesha kwa fimbo wale waliomtoroka.

Kilichobaki ni ule ukuta wa kijivu. Torleiv alikuwa akiuonyesha mara kwa mara, na Borghild hakuelewa, mpaka siku moja alipotundika shuka kwenye kamba mbele ya ukuta na ghafla ua mzima ukapata mwanga. Akageuka, akamwona mumewe anaitikia kwa kichwa kwa nguvu: ndiyo, hiyo, hiyo. Ukuta upakwe rangi nyeupe.

Lakini ukuta ulikuwa wa Didrik.

Alizunguka na jambo hilo wiki nzima. Akaoka keki ya tofaa ili awe na kitu cha kushika, akaenda. Mlango ulipofunguliwa alisema haraka, kabla moyo haujamgeuka, kwamba alitamka maneno mabaya mwaka uliopita na anayaondoa, na kwamba hakuja kwa ajili ya mti bali anaomba ruhusa ya kuupaka rangi ukuta wa ghala, kwa gharama yake. Didrik aliitazama keki, akamtazama yeye.

"Rangi ipi?"

"Nyeupe."

"Nyeupe ya nje, ya mafuta, si ile ya dukani ya kupakia jiko," alisema Didrik. "Ile itabanduka kabla hujashuka ngazi ya kupandia. Acha. Nitakuja mwenyewe."

Alikuja kweli Jumamosi, na makopo yake, brashi zake, na ovaroli yenye madoa ya meli zilizokwisha kuzama. Alipaka asubuhi nzima huku akisema na kila mtu na bila kusema na yeyote. Alipomaliza safu ya chini aliinuka, akajikuta ana kwa ana na Torleiv, wamegawanywa na kioo tu. Borghild, aliyekuwa ameleta kahawa, alishikwa na hofu. Alijua mumewe atakigeuza kiti.

Torleiv hakukigeuza. Aliinua fimbo, akaonyesha pembe ya juu ya ukuta, kushoto, ambapo brashi ilikuwa imeruka.

"Kumbe tuna msimamizi," Didrik alisema. Akapanda, akapaziba. "Hapo je, bwana mkubwa?"

"Ngazi," alisema Torleiv.

"Ndiyo, niko juu yake," alisema Didrik, na Torleiv akacheka. Kilikuwa kicheko cha upande mmoja, kilichopinda, chenye mate, na Borghild hakuwa amekisikia tangu Hardanger. Alilazimika kwenda jikoni kutafuta sukari ambayo hakuna aliyeitumia.

Baada ya kahawa Didrik alimwita pembeni, karibu na mapipa. Alikuwa anafikicha brashi kwa kitambaa, hamtazami usoni.

"Mimi sikujua hali yake ni ile," alisema. "Ulisema mgonjwa, nikadhani mgongo, nikadhani goti. Ule mti nitauangusha, jirani. Nimeshaongea na kijana mwenye msumeno. Mwezi wa tisa ndege wakishaondoka."

Borghild aliutazama msonobari. Majira yote ya baridi alikuwa ameulaani kila alipofungua pazia. Sasa alitazama chini yake: kangaga zilizosimama hadi kiunoni, kuvumwani iliyonona juu ya mawe ya nyumbani kwao, majani mapana yaliyolowa. Jua la adhuhuri likiishukia mimea hiyo hata wiki mbili, yote ingebabuka ikawa karatasi. Kwa mazoea, shingo yake ilianza kugeuka kuelekea dirishani. Maisha yake yote swali la mti lilikuwa na mtu wa kuulizwa.

Shingo yake ikaishia njiani.

"Usiukate," alisema. "Ulisema kweli, mimi ndiye niliyekuja jana. Bustani yangu inakula kivuli chake. Ukiuangusha, bustani itanifia mara ya pili."

Didrik alimkodolea macho. "Mwaka jana uliniombea kaburi chini yake."

"Mwaka jana nilikuwa mjinga."

"Na mimi nilikuwa na adabu kama ya fundi wa injini," alisema Didrik. "Basi nampigia kijana abaki na msumeno wake."

Jioni Borghild alimweleza mumewe: Didrik alitaka kuukata, nimekataa, sikukuuliza. Alisimama na mikono kiunoni akiingoja ngazi fupi ya kubamiza mlango. Torleiv alimtazama, kisha akanyoosha mkono wa kushoto, akaushika ule wa mkewe, wenye udongo kwenye kucha, akaugeuzageuza kama mtu anayekagua tunda kabla ya kulitia kretini. Borghild hakuuliza maana.

Mlango wa maneno haukufunguka. Mazoezi yaliendelea miaka miwili, mtaalamu akaongeza subira, na mwisho wake Torleiv alipata neno la pili, ambalo ni "kahawa", na hata hilo humtoka pale anapokuwa hana haja nalo. Kuna siku haamki vizuri, anakaa na uso wa jiwe, na bustani haimsaidii kitu. Borghild amejifunza kutomchokoza siku hizo.

Lakini siku nyingine, hali ya hewa ikiruhusu, humsukuma mpaka nje kwa ubao wa mteremko ambao Didrik aliupigilia kwenye mlango wa nyuma. Hukaa kati ya kangaga na ukuta mweupe, blanketi miguuni, na watu wanaokatiza kwenye kichochoro husimama kutazama. Wengine husalimia, naye huwapa ngazi yao.

Mwezi uliopita walikuwa na ugomvi mkubwa. Torleiv alitaka kangaga moja, ile ya karibu na birika, ihamishwe kwa sababu inaziziba nyinyoro. Borghild alitaka ibaki palepale, maana aliipanda mwenyewe na ameipenda. Mmoja aligomba kwa neno moja na mwingine kwa maneno mengi, sauti zikapanda, mpaka Didrik akachungulia kutoka kwake akauliza nani amefariki.

"Hajafariki mtu," alisema Borghild, akiwa amesimama mbele ya kangaga yake na reki mkononi. "Tunalima."